Baba Aliangalia Tairi, Mama Akaangalia Sahani

Mmetuuliza wiki hii: baada ya kutazama Nomadland, filamu ya yule mama wa Kimarekani anayeishi ndani ya gari, je, ulimwonea huruma au uliyatamani maisha yake? Mnataka jibu moja. Nyumbani kwetu Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo, tulikuwa watu watano mbele ya kompyuta moja ndogo, na majibu yalipita matano, kwa sababu Mama peke yake alibadilisha la kwake mara tatu.

Kwa ambaye hajaiona: Fern ni mjane wa Empire, mji mdogo wa Nevada uliokuwa wa kampuni ya jasi. Kiwanda kilifungwa Januari 2011, watu wakahama, hata namba ya posta ya mji ikafutwa. Fern anauza vitu, anatengeneza kitanda ndani ya gari lake, anaingia barabarani kufuata kazi za msimu: ghala la Amazon wakati wa Krismasi, kambi ya watalii, jiko la mgahawa, mavuno ya viazisukari. Frances McDormand anaigiza, lakini wengi anaokutana nao, kama Linda May, Swankie na Bob Wells, ni watu wanaoishi hivyo kweli na wanatumia majina yao wenyewe. Chloé Zhao aliiongoza akifuata kitabu cha Jessica Bruder cha 2017, na mwaka 2021 ikapata Oscar ya filamu bora, ya mwongozaji na ya mwigizaji wa kike. Basi.

Tuliitazama kwa Kifaransa. Kifaransa cha Mama ni cha sokoni, kinatosha kuuza vitambaa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, lakini hakitoshi kwa watu wanaonong'ona jangwani, kwa hiyo kazi ya kutafsiri ilikuwa yangu. Nilikwama mapema sana. Msichana mmoja anamwuliza Fern kama ni kweli hana pa kuishi, naye anajibu kwamba kukosa nyumba na kukosa kwako ni vitu viwili. Nikasema, "Anasema nyumba hana, lakini kwake anako." Mama akageuka kunitazama mimi badala ya filamu. "Kwake wapi?" Nikaonyesha gari. Akacheka hadi shangazi akamwambia anyamaze.

Mwanzoni, niseme ukweli, hakuna aliyemhurumia. Linda May anaeleza kwamba amefanya kazi tangu ana miaka 12, amelea mabinti wawili, na alipotazama pensheni yake akakuta dola 550 kwa mwezi. Ni sehemu ya kuliza watu, nadhani huko Marekani walilia. Kwetu ulitokea mshangao. "Dola 550 na analalamika?" akauliza shangazi, ambaye mume wake mwalimu amestaafu na anachopata sitaki kukiandika hapa. Nilisimamisha filamu nikaeleza habari ya kodi za nyumba kule, bei ya daktari, na kwamba fedha hiyo haikodi hata chumba katika miji yao mingi. Walinisikiliza kwa adabu. Sidhani waliniamini.

Mdogo wangu wa kiume yeye alikuwa na hesabu zake. Ni kibarua wa siku, anapakia mifuko kwenye maghala, akiitwa anakwenda, asipoitwa anakaa. Lile ghala la Amazon halikumpendeza. "Hakuna anayewafokea," alisema. "Hakuna anayeumwa mgongo. Hilo si ghala." Baadaye nilisoma kwamba hata huko kwao wapo waliolalamika hivyo hivyo, kwamba filamu imelipapasa ghala kwa mkono laini mno, na mimi niko upande wao. Lakini kilichomshangaza zaidi mdogo wangu ni barabara. Arizona, Nebraska, South Dakota, California: alikuwa anahesabu. Mwisho akauliza kama mtu aliyeamka usingizini: "Njia yote hiyo, barieri hata moja hakuna? Hakuna hata askari mmoja wa kuomba karatasi?" Kuna mlinzi anayemgongea Fern dirisha usiku amwambie haruhusiwi kulala pale. Mdogo wangu akasema huyo hata hela hakuomba. Kwake yeye, mama huyu alikuwa tajiri wa namna ambayo filamu yenyewe haikuiona.

Shangazi ndiye aliyeguswa na Empire. Amekulia katika kambi ya wafanyakazi, na katika mji huu hakuna haja ya kueleza maana yake: tangu Union Minière hadi Gécamines, kampuni za migodi ya shaba, kampuni ilikuwa nyumba, posho, shule, hospitali, na hata timu ya mpira. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 walitoka kwa mpango ule ambao kila mtu hapa bado anauita departi volonteri, yaani kuondoka kwa hiari, na akiutaja anavuta mdomo kidogo kwenye neno la pili. Fern alipopita kati ya nyumba tupu za kampuni, shangazi alisema neno moja tu la hapa kwetu: "Njo vile." Ndivyo hivyo. Hakutaka nitafsiri tena sehemu hiyo.

Sasa Baba. Baba aliendesha lori miaka 26, Lubumbashi hadi Dar es Salaam, shaba ikienda, bidhaa zikirudi. Kasumbalesa, Kitwe, Kapiri Mposhi, Mpika, Nakonde na Tunduma, Mbeya, kisha kuteremka Kitonga huku breki zikinuka. Sisi watoto tuliijua njia hiyo kama wengine wanavyojua rozari. Foleni ya mpakani Kasumbalesa peke yake iliweza kumla siku nne, tano. Alikuwa na kitanda nyuma ya kiti, bidoni mbili za maji, mbabula ndogo, yaani jiko la makaa, sufuria moja, na mfuko wa unga wa bukari, ugali wetu, ambao Mama alikuwa anaufunga kwa mafundo mawili.

Hakuhurumia wala hakutamani. Alikagua. Kwenye mkusanyiko wa hao wanaoishi magarini, jangwani pale Quartzsite, Arizona, wanapofundishana namna ya kuegesha gari usiku na ukubwa wa ndoo ya kujisaidia, wengine waliziba nyuso. Baba alisogeza kiti mbele. Ilipoelezwa kwamba mtu mwenye magoti mabovu anahitaji ndoo ndefu zaidi, Baba akasema, "Kweli kabisa," kama yuko kanisani. Tairi la Fern lilipotoboka na ikaonekana hana la akiba, Swankie akamgombeza kwamba huku mtu anaweza kufa, Baba alikuwa ameshaanza kugombeza kabla yake. Alichukia kabisa. Kwa robo saa hakumsamehe. "Kulia analia, jeki hana."

Mama hakujali tairi. Alizitazama sahani. Fern ana sahani alizopewa na baba yake, amezitunza miaka na miaka, na mzee mmoja anayempenda, Dave, anaangusha sanduku lake zinavunjika. Fern anamfokea, kisha anakaa anaunganisha vipande kwa gundi. Hapo Mama akahama upande. Tangu mwanzo alikuwa anasema mwanamke huyu hana akili, kwa nini anaishi kama mbuzi aliyekata kamba. Baada ya sahani akanyamaza, akaniambia nisitafsiri haraka.

Halafu zikaja nyumba mbili, na hapo ndipo tulipogombana. Gari linaharibika, fundi anataka zaidi ya dola 2,000, Fern anakwenda kukopa kwa dada yake. Dada anamwambia abaki. Anakataa. Baadaye Dave, ambaye amerudi kwa mwanawe na mjukuu mchanga, anamwomba akae nao kabisa. Kuna chumba, kuna meza ndefu, kuna kuku. Usiku Fern anashindwa kulala kwenye kile kitanda kizuri, anatoka kwenda kulala garini. Asubuhi anaondoka.

Mama alisimama. "Huyu si maskini," alisema, "huyu ana kiburi." Shangazi akasema ni majonzi ya mume, mtu aliyefiwa usimpangie. Mdogo wangu akasema angekaa mara moja, tena angekula kuku wote. Mimi nilisema, na bado nasema, kwamba hapo ndipo swali lenu la huruma au tamaa linapovunjika. Mwenye kukosa kitanda unaweza kumhurumia. Anayepewa viwili akavikataa anakulazimisha ujiulize kitanda chako mwenyewe kina nini, na watu hawapendi kuulizwa hivyo na mgeni.

Baba alikuwa hajasema. Mama akamgeukia: "Baba watoto, wewe umekaa kimya. Mtu anaweza kukataa kitanda?"

Akajibu, macho yakiwa kwenye kompyuta, kwamba inawezekana. Kwamba kuna safari alikuwa anafika Lubumbashi jioni, saa kumi na mbili, saa moja, mzigo umeshashushwa, na kutoka pale lori linapolala hadi Katuba ni teksi moja tu. Na alikuwa analala mle mle hadi asubuhi, kisha anakuja nyumbani akisema ameingia alfajiri.

"Mara ngapi?"

"Siyo mara moja."

Nikasimamisha filamu. Alijaribu kueleza. Baada ya wiki tatu, alisema, sikio linazoea injini na pumzi ya mtu mmoja. Ukiingia nyumbani kuna watoto saba, kuna madeni, kuna jirani amekuja kusalimia, kila mtu amekungoja, na wewe bado uko Mpika. Alihitaji usiku mmoja wa kufika. Alisema hivyo, usiku wa kufika. Nakumbuka sana miezi ile baada ya kuacha kazi, alivyokuwa analala kwenye kochi la sebuleni, magoti yamekunjwa, akidai chumbani kuna joto. Ilikuwa Juni, na Juni hapa kwetu ni baridi.

Nilitarajia Mama apige kelele. Ni mtu wa kelele. Aliuliza tu, "Ulikuwa unakula nini?"

"Mkate. Sardini."

"Na mimi nilikuwa naacha bukari chini ya sahani," Mama akasema. "Kila jioni ya siku unayotegemewa. Na sombe." Sombe ni kisamvu.

Umeme ulikatika muda mfupi baadaye, na kompyuta haina betri ya kuaminika. Dakika kama ishirini za mwisho tulizimalizia Jumanne. Mama alizitazama akiwa amesimama mlangoni, Baba alikuwa amekaa karibu na mlango, na safari hii hakuna aliyeniomba nitafsiri.