Wanyama wa Uani

SWALI: Tumehamia Entebbe na mtoto wetu wa miaka 6 anayependa wanyama. Mbugani ni mbali na kiingilio kinatushinda. Hapa nyumbani tutaona nini? – Mama Z.

JIBU: Mama Z., mengi. Kaa barazani alfajiri na chai yako. Ndege waitwao kwarara watapita juu ya paa wakipiga kelele kama watu walioibiwa. Mbega wafuateni katika Bustani ya Mimea, iliyoanzishwa mwaka 1898. Tumbili watakuja wenyewe, ila msiwape chakula. Mimi nilimpa mmoja ndizi; kesho yake walikuwa saba jikoni, wakaondoka na mkate na kopo la sukari.

Utamu wenyewe ni msimu wa mvua, Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Mvua ikikatika, kumbikumbi huchomoka ardhini, na hapo mwangalieni mwewe: humdaka mmoja kwa kucha, huinamisha kichwa, humla huku akiendelea kuruka. Kuanzia Oktoba, tazameni nyaya za umeme, mbayuwayu kutoka Ulaya hujipanga hapo. Kiangazi cha Januari, wekeeni ndege waitwao shore maji kwenye sinia. Lioshwe kila siku, mbu wasizaliane.