Rock bottom sio "kugonga mwamba"

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya tafsiri, hili nakutana nalo karibu kila faili la mtu mpya, na mimi mwenyewe nilianza nalo. Nilipewa ushuhuda wa baba mmoja Mmarekani aliyeacha pombe, anasema "I hit rock bottom", nikaandika "niligonga mwamba", nikaona imekaa sawa kabisa, mwamba kwa mwamba. Dada aliyekuwa anahariri akanipigia: mdogo wangu, hapa ni mazungumzo gani yamegonga mwamba?

Na ndo hivyo, kwetu kinachogonga mwamba ni mazungumzo, mipango, juhudi, yaani jambo limekwama halisogei. Yule baba hakukwama, alizama. Mchukulie mtu anachimba kisima, anatoa udongo, anatoa changarawe, mpaka sululu inalia kwenye jiwe, basi, hiyo ndo rock bottom, chini hamna pa kwenda tena. Ndo maana wanaoacha pombe kule Marekani, kama wale wa Alcoholics Anonymous, chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe kilichoanza 1935 Akron, Ohio, wanaongelea sana kufika huko chini, kwamba hapo ndipo mtu anakubali kusaidiwa. Kwa hiyo sikiliza kwanza anasimulia nini. Kama ni kuishiwa hela tu, vijana wana neno lao, kufulia, ila jamani usimwekee mdomoni mtu anayelia.

"Rock-bottom prices" haina huzuni yoyote, hiyo ni bei ya kutupa.

Nyingine mnayoichanganya nayo ni "all-time low". Hii ni rekodi. Januari 2024 dola moja ilipofika kama shilingi 160 za Kenya ilikuwa all-time low, maana yake shilingi haijawahi kushuka hivyo, sio kwamba haiwezi kushuka zaidi, kesho yake inaweza kuvunja rekodi tena au ikapanda, na kweli kufikia katikati ya mwaka dola ilikuwa kwenye 129 hivi. Sasa ukiandika "imefika mwisho wa kushuka" umeshatabiri, wakati mwenye habari hajatabiri chochote. Andika "kiwango cha chini zaidi kuwahi kutokea", ni ndefu lakini ndo yenyewe.

Ule ushuhuda tuliurudia na dada kwenye simu, mistari minne tu, karibu nusu saa. Mwisho ukasomeka: "Nilikuwa nimeisha kabisa, nalala kwenye gari. Hapo ndo nikampigia mama."