Kabla ya Kumzika Kobe

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo mtu aliyefiwa na kobe wake katika usingizi wa majira ya baridi anastahili kujilaumu. Mimi ningeanza na kuhakikisha kwamba kobe huyo amekufa kweli, kwa maana aliyelala kwenye baridi ya nyuzi 5 za Selsiasi hatofautiani sana na maiti: moyo hupiga kwa nadra, pumzi haionekani, na mguu ukiuvuta huchelewa kurudi. Asizikwe siku hiyohiyo. Ahamishiwe mahali penye joto la kawaida la chumba, kisha daktari wa mifugo ausikilize moyo kwa chombo chake.

Ikithibitika kwamba amekufa, mara nyingi chanzo kilitangulia usingizi. Huenda alilazwa akiwa mgonjwa, au akiwa na chakula tumboni ambacho, kwa kuwa mmeng'enyo husimama baridini, kilibaki kuoza humo. Huenda pia ni wa jamii isiyolala kamwe majira ya baridi, kama kobe chui wa Afrika, ambaye baridi kwake ni maangamizi. Lililo gumu zaidi kulitambua ni la kibofu. Kobe hulala na akiba ya maji humo na kuyafyonza kidogo kidogo, hivyo akikojoa usingizini akiba yote imekwenda, naye asipoamshwa na kuogeshwa kwa maji ya uvuguvugu siku hiyo, hukauka hadi kufa. Mara nyingi dalili yake huwa unyevu kidogo tu kwenye matandiko ya sanduku analolalia, na anayepima uzito tu aweza kuikosa, ingawa mizani nayo ni ya lazima: kobe wa gramu 1,000 hapaswi kupungua zaidi ya gramu 100 msimu mzima.

Kwa hiyo simwoni mwenye hatia mtu aliyemtunza kobe wake kwa uangalifu wote huo. Namwona mfiwa. Kobe huishi miaka 50 na zaidi, wengine wamerithiwa kutoka kwa wazazi, na kumwambia mwenye msiba wa namna hiyo kwamba "ni kobe tu" ni ukatili.

Iwapo wamebaki kobe wengine nyumbani, namsihi aahirishe mazishi na kuupeleka mwili ukachunguzwe, ukiwa umehifadhiwa kwenye jokofu bila kugandishwa, kwa kuwa barafu huharibu viungo ambavyo daktari anahitaji kuvitazama.