Pedali za marehemu baba: tuuze au tuweke?

SWALI

Fundi, pokea salamu kutoka Kondele. Baba yetu alifariki mwaka jana. Alipiga gita la solo katika bendi za benga hapa Kisumu tangu mimi sijazaliwa, na ameacha pedali tatu, vile visanduku vya kukanyaga vya kubadilisha sauti ya gita, kwenye sanduku la bati. Ya kwanza ni Boss CE-2 ya samawati. Rangi imebambuka pale anapokanyaga mtu, na kwenye vifundo vyake viwili vya kuzungusha kuna vitone vya rangi ya kucha. Ya pili ni Ibanez TS9 ya kijani, haina hata mkwaruzo. Kaka yangu mkubwa anasema aliikuta nyumbani alipoanza darasa la kwanza mwaka 1987. Ya tatu ni MXR Phase 90 ya rangi ya chungwa, haina taa wala tundu la adapta. Ile ya samawati nikiichomeka kwa adapta ya volti 9, taa inafifia na sauti inalegea. Kaka anataka tuuze zote tulipe karo ya mdogo wetu, na mtu wa Nairobi ametupa bei ya shilingi 10,000 kwa zote tatu. Mama amenyamaza. Mimi napiga gita kanisani na moyo wangu unakataa. Tufanyeje?

Binti wa mpiga solo, Kondele

JIBU

Dada, poleni sana kwa msiba. Maoni yangu ni haya: ya samawati msiuze. Ya kijani na ya chungwa uzeni, ila si kwa 10,000, na si kabla hamjakaa chini kama familia.

Nianze na vile vitone vya rangi ya kucha, maana ndivyo vilivyonifanya nisome barua yako mara mbili. CE-2 ina vifundo viwili tu, RATE na DEPTH. Kimoja hupanga kasi ya kuyumba kwa sauti, kingine hupanga kina cha kuyumba huko. Ndani yake sauti ya gita hugawanywa, nakala moja ikacheleweshwa kidogo sana huku ucheleweshaji wenyewe ukipanda na kushuka, kisha zote mbili zikachanganywa. Msikilizaji anadhani magita ni mawili. Mpiga solo aliyekuwa na kazi usiku kucha ukumbini, taa hafifu, hakuwa na muda wa kutafuta sauti yake upya kila wimbo. Aliweka alama. Mnunuzi ataviona vitone hivyo na kukata bei, kwake ni uchafu. Kwako wewe mpiga gita, hapo ndipo sikio la mzee lilipotulia baada ya miaka ya kujaribu, na hakuna mwingine anayeweza kukuonyesha.

Kwa hiyo kabla mtu yeyote hajaigusa, piga picha vifundo hivyo kwa karibu. Fundi akiifungua huving'oa, na akivirudisha vimegeuka hata kidogo, alama hazina maana tena. Wala usivisugue kwa spiriti ukidhani unasafisha.

Na haijaharibika, usiwe na wasiwasi. CE-2 za zamani zilitengenezewa adapta ya Boss iitwayo ACA, ya volti 12. Ukiipa volti 9 za adapta ya siku hizi, njia ya adapta huzipunguza na umeme unaofika ndani hautoshi, ndiyo maana taa inafifia na sauti inalegea. Tia betri mpya ya volti 9, ambayo haipiti njia hiyo, usikie tofauti. Kumbuka tu kwamba pedali hizi huwaka waya unapoingia kwenye tundu la INPUT, hata kama hujakanyaga. Ukimaliza kupiga, chomoa waya. Ukiiweka sandukuni, toa betri kabisa: betri iliyosahaulika huvuja na kula shaba, na unyevu wetu wa ziwani humalizia kazi.

Sasa ya kijani. TS9 ilitoka mwaka 1982, ikaachwa katikati ya miaka ya 1980, kisha Ibanez wakaitoa tena miaka ya 1990. Rangi peke yake haikwambii ni ipi, lakini kumbukumbu ya kaka yako inakwambia. Kama ilikuwa nyumbani mwaka 1987, ni ya toleo la kwanza, na hilo lina bei. Kwamba haina mkwaruzo halinishangazi hata kidogo. TS9 huukwaruza mlio wa gita, na solo ya benga inataka kila noti isikike peke yake, safi, kama kidole kwenye nyuzi nane za nyatiti. Mzee aliipata, akaijaribu, akaiweka. Mpiga bluzi au roki ataifurahia zaidi yenu.

Ya chungwa ndiyo itakayowaletea pesa nzuri ikiwa ni ya zamani kweli. Phase 90 ilianza kutengenezwa mwaka 1974 kule Rochester, New York, na zile za mwanzo hazikuwa na taa wala tundu la adapta, kama hiyo yenu. Tazama jina MXR lilivyoandikwa. Kama ni mwandiko wa kuunganisha, badala ya herufi nene za kusimama, ni ya kundi la awali ambalo wakusanyaji hulitafuta. Msipake rangi, msibadilishe swichi, msimruhusu fundi wa redio aweke vipuri vipya "ili ipendeze". Ikibidi kitu kitolewe ndani, kitieni kwenye bahasha kiuzwe pamoja nayo.

Kuhusu bei, shilingi 10,000 haifikii hata bei ya CE-2W moja mpya, ambayo Boss wanaiunda leo kwa kufuata hiyo hiyo ya baba yenu. Ingieni Reverb, soko la mtandaoni la ala, mtafute bei ambazo watu wamelipa tayari, si zile wauzaji wanazotamani. Mtu akija kununua, aje na gita lake asikilize mbele yenu.

Halafu kuna mama. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, humwachia mjane vitu binafsi na vyombo vya nyumbani, lakini maana yake imeacha nje magari na vifaa vya kazi ya marehemu. Pedali za mpiga gita ni vifaa vya kazi, kwa hiyo ni mali ya urithi pamoja na vingine, na kuuza mali hiyo kabla mahakama haijatoa idhini ya kuisimamia ni kosa. Anzeni kwa barua ya chifu. Na mama aulizwe kwa sauti, watoto wote mkiwepo. Kunyamaza kwake si ruhusa. Huenda ndiye aliyetoa hiyo rangi ya kucha.

Kaka yako naye msimlaumu, karo ni karo. Mweleze kwamba mbili zikiuzwa vizuri zitazidi hizo 10,000 alizoahidiwa kwa tatu. Idhini ikishatoka, anzeni na ya chungwa.