Mwalimu Akihama, Aache Daftari

Mwalimu wetu wa Hisabati alipata barua ya uhamisho Jumanne, Alhamisi alikuwa ndani ya basi. Wanafunzi wa kidato cha pili walijua Jumatatu iliyofuata, na hakuna aliyewaambia. Walikaa kimya kipindi kizima wakimsubiri, kisha kiranja akaja ofisini kwangu: "Shikamoo mwalimu. Leo hesabu hatuna?" Ilikuwa Julai, na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili hufanyika mwishoni mwa Oktoba au Novemba. Mwalimu wa taaluma, yaani msimamizi wa ratiba na masomo ya shule, nilikuwa mimi, na sikuwa na jibu la kumpa yule mtoto.

Nafundisha sekondari ya kutwa ya serikali hapa Moshi. Watoto wetu wanatoka Pasua, Njoro na Majengo, na wengine wanateremka kutoka Uru kila asubuhi, mwezi wa Aprili wanafika viatu vimejaa tope. Naandika kwa walimu wenzangu wa taaluma na wakuu wa shule, na mzazi akisoma nitafurahi pia. Nimegundua kwamba habari za walimu, nani kahama, nani kastaafu, nani yuko likizo ya uzazi, nani kaajiriwa, tunazichukulia kama mambo ya ofisini. Kumbe zinaenda moja kwa moja kwenye alama za mtoto.

Mwaka ule tulikaa wiki saba bila mwalimu wa Hisabati. Ratiba yetu ilikuwa na vipindi sita kwa wiki, kila kipindi dakika 40. Hivyo ni vipindi 42, saa 28. Saa hizo tulizifidia kwa kiasi: tulifundisha Jumamosi, tukaweka kambi ya kitaaluma kwenye likizo fupi ya Septemba. Kilichotushinda kufidia ni kitu kingine. Yule mwalimu alijua kwamba mabinti watatu wanaokaa dirishani hawajui kutoa namba hasi, na kwamba wananakiliana kwa hiyo wanakosa swali lile lile kwa pamoja. Alijua kijana fulani haoni ubaoni na anaona aibu kusema. Alijua nani anakuja bila kula, ukimuuliza swali kipindi cha saba hakujibu, ila ukimuuliza cha pili anakushangaza. Hayo yote aliondoka nayo kichwani, kwa sababu hakuna aliyemwomba ayaache. Mimi nilimwomba funguo za kabati na vitabu vya kiada, akasaini, tukapeana mkono.

Mwalimu mpya alipokuja alikuwa mchapakazi kweli kweli. Alifungua azimio la kazi, ule mpango wa mada za mwaka, akaona mada inayofuata ni logarithimu, akaanza na logarithimu. Nusu ya darasa walikuwa bado wamekwama kwenye vipeo. Alikuja kulitambua hilo mwezi wa kumi, wakati asiyefikia kiwango kwenye upimaji analazimika kukariri kidato cha pili. Kuna watoto waliokariri mwaka ule ambao naamini kabisa wangevuka. Nawakumbuka kwa sura na majina, na ndiyo maana nilianza kubadilisha mambo.

La kwanza tulilobadilisha ni nani anaambiwa na lini. Siku hizi mwalimu akipata barua, mkuu wa shule anatangaza mstarini kesho yake asubuhi, mwalimu anayeondoka akiwa amesimama pale pale mbele ya watoto. Anasema mambo matatu tu: mwalimu anaondoka lini, nani atashika vipindi vyake kuanzia lini, na daftari za mazoezi zitasahihishwa na nani. Hilo la tatu linaonekana dogo lakini watoto ndilo wanaloliuliza sana, kwa sababu kwao daftari lisilosahihishwa ni dalili kwamba hakuna anayewatazama. Usitangaze kuondoka bila kutaja anayeingia. Hata kama anayeingia ni wa muda, hata kama ni mimi wa taaluma nimebeba vipindi viwili vya Hisabati juu ya vyangu vya Jiografia, mtaje.

Mwalimu anayeondoka naye apewe nafasi ya kuaga darasa lake. Nimeona watoto wa miaka 14 wakiacha kusoma somo zima kwa sababu waliona mwalimu waliyempenda amewatoroka. Hakuwatoroka, alihamishwa. Lakini mtoto atajuaje usipomwambia?

Kwa wazazi, barua ya karatasi anayobeba mtoto msiitegemee. Mama mmoja mwenye genge soko la Mbuyuni aliniambia barua za shule anazikuta kwenye begi muhula ukiisha, zimelowa na kukunjamana, ila meseji anaisoma hapo hapo akiwa anapima nyanya. Makundi ya WhatsApp ya wazazi yanasaidia, lakini huku kwetu watoto wengi wanalelewa na bibi, na bibi ana simu ya kitochi. Kwa hiyo tunatuma meseji ya kawaida, fupi, ya namna hii: "Ndugu mzazi, mwalimu wa Hisabati wa Kidato 2B amehamishwa. Kuanzia Jumatatu atafundisha mwalimu mwingine. Mwambie mtoto aje na madaftari yake yote ya hesabu. Mwalimu wa darasa." Basi, inatosha. Bibi akiisoma, au akisomewa na jirani, anajua la kufanya. Na sehemu ya madaftari tuliiweka makusudi, kwa sababu mwalimu mgeni akipekua daftari za mtoto za miezi sita anamjua kuliko akimpa jaribio.

Sasa nije kwenye daftari lenyewe, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi.

Ni kaunta buku ya kawaida, moja kwa kila mkondo (2A, 2B na kadhalika), inakaa ofisi ya taaluma. Kila mwalimu wa somo ana kurasa zake humo. Mwanzoni nilikosea: nilichora jedwali lenye safu tisa, nikataka alama za kila jaribio, mahudhurio, tabia, kila kitu. Walimu walijaza wiki mbili wakaacha, na hawakuwa na kosa, tayari wana maandalio ya somo na taarifa za kila aina. Nikapunguza. Sasa ni jina la mtoto na mstari mmoja au miwili unaojibu maswali haya: anaweza nini, anakwama wapi hasa, na nini kimemsaidia. Linajazwa mara mbili kwa muhula, baada ya mtihani wa katikati ya muhula na kabla ya kufunga.

Neno "hasa" ndilo la kusisitiza. "Mvivu" siyo taarifa. "Dhaifu katika Hisabati" siyo taarifa pia, mwalimu mpya ataona hilo mwenyewe kwenye alama. Taarifa ni kama hii ambayo mwenzangu mmoja aliandika: "Anajumlisha sehemu zenye asili tofauti kwa kujumlisha juu na chini. Ukimchorea mkate anaelewa, ukimpa namba tupu anarudi kule kule." Mwalimu aliyepokea darasa lile alianzia kwenye mkate, wiki ya kwanza. Nyingine ilikuwa ya Kiingereza: "Anaandika vizuri kuliko anavyosema. Asisimamishwe kusoma kwa sauti mpaka azoee." Unaona? Hapo mwalimu mgeni amepewa miezi minne bure.

Na tuandike kwa heshima. Daftari hili mzazi akiliomba aonyeshwe ukurasa wa mwanawe, uwe ukurasa ambao hutauonea aibu. Mambo ya nyumbani, magonjwa, migogoro ya wazazi, hayaingii humo. Hayo ni ya mwalimu wa unasihi, anayewashauri watoto, na yanasemwa kwa mdomo, mlango ukiwa umefungwa.

Kukabidhiana kwenyewe, kama barua inaruhusu hata siku tatu, basi mwalimu anayeingia aketi nyuma ya darasa vipindi viwili wakati anayeondoka anafundisha. Kisha wabadilishane. Uhamisho mara nyingi hauna subira, naelewa. Lakini habari nyingine za walimu zinajulikana mapema mno na bado tunashtuka. Kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na tarehe ya kuzaliwa ya kila mtumishi iko kwenye faili tangu siku ya kwanza. Likizo ya uzazi ni siku 84, na 100 akijifungua mapacha, nayo inatanguliwa na miezi ya kutosha kujipanga. Ninapopanga ratiba Januari naanza na orodha hiyo: mwaka huu nani anastaafu, nani ameniambia ni mjamzito, nani anakwenda masomoni. Mwalimu mjamzito asione haya kumwambia wa taaluma mapema, na wa taaluma asikunje uso. Nimewahi kusikia mwalimu wa kike akilaumiwa kwa sababu ya likizo yake, eti ameangusha somo. Ile likizo ni haki yake. Aliyeangusha somo ni aliyekuwa na miezi mitano ya kujipanga akakaa kimya.

Tunapokea pia walimu wa mafunzo kwa vitendo, yaani wanachuo wa ualimu wanaokuja kujizoeza kufundisha. Mji wetu una bahati, Chuo Kikuu cha Mwenge kiko hapa hapa, na vyuo vya ualimu vya Mandaka na Marangu haviko mbali. Vijana wanakuja na ari na mbinu mpya, watoto wanawapenda. Wasiachiwe darasa la mtihani peke yao mwalimu mwenye somo akaenda kupumzika. Na siku ya kwanza darasa liambiwe wazi mwalimu huyu atakuwa nanyi mpaka tarehe fulani. Naye ajaze daftari kabla ya kuondoka, kama wengine. Mistari mizuri kuliko yote niliyowahi kusoma humo iliandikwa na binti wa mafunzo, labda kwa sababu alikuwa bado anakumbuka kukaa upande ule wa dawati.

Kuhusu kuwainua watoto wenyewe, nina mawili ambayo yametusaidia pale shuleni.

Mtoto anatoka shule ya msingi akiwa amesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza na karibu kila somo limegeuka Kiingereza. Kidato cha pili tunamkuta amepata 18 na tunasema hajui hesabu. Siku moja nilimkalisha kijana wa namna hiyo na karatasi yake ya mtihani, nikamsomea maswali yale yale kwa Kiswahili. Alifanya saba kati ya kumi mbele yangu. Hakujua kwamba neno "product" kwenye hesabu ni zao, alidhani ni bidhaa. Tangu hapo kila mwalimu wa somo anaandaa maneno 10 kwa wiki yanayotumika kwenye maswali ya somo lake, yanabandikwa ukutani, na darasa linaulizana dakika tano kabla ya kipindi. Kama unataka kuanza jambo moja tu wiki hii bila shilingi ya mtu, anza na hilo.

La pili ni namna tunavyosherehekea. Kwenye madaraja ya alama zetu, F inaishia 29, D inaanzia 30, C 45. Mtoto aliyetoka 11 akafika 27 bado ana F kwenye ripoti, na mzazi anaiona F. Sisi tunamwona aliyepanda alama 16. Kwa hiyo mstarini, pamoja na watatu wa kwanza, tunasoma majina kumi ya waliopanda zaidi, bila kutaja walipo, tunataja walivyopanda. Kuna mtoto aliyekuwa anakuja shule siku tatu kwa wiki, jina lake liliposomwa mara ya kwanza hakukosa tena mpaka tunafunga. Ila nawaonya wenzangu juu ya jambo moja: msikusanye wale wa 25 hadi 29 peke yao kwenye masomo ya ziada ili shule ipate wastani mzuri, mkamwacha wa 11. Nimelifanya hilo mwaka mmoja, wastani ukapanda kidogo, na wa 11 walinitazama kwa macho ambayo sijayasahau. Wala fimbo haifundishi sehemu wala vipeo. Simchapi mtoto kwa sababu ya alama, na walimu wapya wanaokuja kwetu nawaambia hivyo siku ya kwanza.

Mwezi huu mwalimu wetu wa Fizikia anaanza likizo ya uzazi. Nafasi yake inashikwa na kijana aliyeajiriwa mwaka huu, ambaye amekuwa akikaa nyuma ya darasa lake tangu tulipofungua. Jana baada ya saa tisa niliwakuta ofisini na kaunta buku ya 2A katikati yao, chupa ya chai pembeni, wanapitia jina kwa jina. Walikuwa wamefika la 31 kati ya 58. Wanaendelea Jumatatu.