Rodeo ya Julai Nne: nunua kivuli kwanza

Mwaka wa kwanza tulipokwenda rodeo ya Prescott, Arizona, yaani mashindano ya makauboi ya kupanda na kukamata mifugo, yanayofanyika kwenye sikukuu ya uhuru wa Marekani, Julai 4, nilinunua tiketi kama ninavyonunua nyanya, nikachukua za bei ya chini. Kumbe ni viti vinavyotazama magharibi, tena kwa onyesho la mchana. Muda mrefu sikuona kitu ila mwanga. Benchi lilikuwa la moto hata mwanangu wa miaka sita akakataa kulikalia, akamaliza mchezo wote mapajani kwangu. Pesa niliyodhani nimeokoa iliishia kwenye maji ya chupa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza jua litakuwa upande gani saa hiyo. Ukikosa kivuli, chukua onyesho la usiku.

Sisi tunaoishi Phoenix hatuendi huko kwa ajili ya ng'ombe tu. Julai joto letu linapita nyuzi 40, na Prescott iko juu zaidi ya mita 1,600, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari. Usiku utataka sweta. Rodeo yao ilianza mwaka 1888 nao hujiita ya kale kuliko zote duniani. Watu wa Pecos, Texas, watakwambia ya kwao ni ya 1883. Ubishi huo waachie wenyewe.

Ondokeni alfajiri, maana barabara ya I-17 wikendi ya sikukuu hugeuka maegesho. Vyumba vya mjini huwahiwa mapema. Sisi tulilala Prescott Valley, mji wa jirani, na hatukujuta.

Sasa mchezo wenyewe. Nimekulia Pemba, mchezo wa ng'ombe, ule wa mtu kumchezea fahali akiwa chini kwa miguu yake, nimeutazama tangu mdogo, nikajiona mjuzi. Sikuelewa lolote. Mtu anapanda fahali, anarushwa, watu wanashangilia. Mwingine anadumu vizuri, makofi machache. Mzee mmoja aliyekaa nyuma yetu, kofia pana na masharubu meupe, ndiye aliyenionea huruma. Mpandaji anatakiwa adumu sekunde 8 kwa mkono mmoja, na ule wa pili usiguse mnyama wala mwili wake mwenyewe. Alama ni 100, ila nusu ni za mnyama. Fahali mpole anamnyima mtu ushindi hata akikaa kama gundi, ndiyo maana makofi mengine ni ya fahali. Nilipojua hilo nikaanza kumtazama mnyama kwanza: anageuka upande gani, anarusha miguu ya nyuma kwa juu kiasi gani.

Halafu nikawaona wale wanaume wa chini. Mpandaji akianguka, wao wanakimbilia pembe, wanamvuta fahali awafuate ili mwenzao apate kutoroka. Hakuna anayewapa alama. Kwa macho yangu ya Kipemba, hao ndio wachezaji. Yule wa juu ni abiria tu. Ukipata nafasi, kaa karibu na vizimba wanavyotokea mafahali, uwaone kazini.

Kuna pia mbio za farasi kuzunguka mapipa matatu, na hapo ni wanawake wanaotamba. Kuangusha pipa ni sekunde 5 za adhabu, na mshindi hupatikana kwa tofauti ya punje ya sekunde, kwa hiyo usiende kununua chakula wakati huo. Nenda wakati wa kumfunga ndama. Sheria ninazielewa: anyakuliwe kwa kitanzi, alazwe chini, afungwe miguu mitatu, akae amefungwa sekunde 6. Lakini ile namna kamba inavyomkata mbio ghafla, mie moyo wangu haujazoea, na mwanangu alilia. Chakula chenyewe kwa sisi Waislamu ni cha kuuliza-uliza. Pilau letu lilikaa ndani ya gari kwenye boksi la barafu, tukalila maegeshoni baadaye.

Mwanzoni huingia bendera juu ya farasi, halafu dua ya Kikristo na wimbo wa taifa. Simama, vua kofia kama wenzako. Hakuna atakayekuuliza dini yako.

Mwanangu aliniuliza mbona makauboi weusi hawaonekani. Nikamwambia asubiri shindano la kumrukia maksai kutoka juu ya farasi na kumbwaga kwa pembe. Hilo linahusishwa na Bill Pickett, mtu mweusi wa Texas aliyezaliwa mwaka 1870, ambaye alikuwa akimng'ata maksai mdomo wa juu kama mbwa wa ng'ombe wanavyofanya. Aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa rodeo miaka kama 40 baada ya kufa. Kijana akaacha kuuliza kuhusu makauboi, akaanza kuuliza kuhusu meno.

Jambo la mwisho kwa wenye watoto. Rodeo nyingi zina mchezo wa watoto wadogo kupanda kondoo, wakiwa na helmeti, na nafasi huisha mapema. Wangu aliomba, nikamwambia mwakani. Mwakani tulipofika akapandishwa kwenye mizani, akawa ameshazidi uzito. Hajanisamehe hadi leo.