Mzee wa Tanuri Anajibu: Bomba Halitoi Moshi, Tunapima Nini?

SWALI: Shikamoo Mzee. Kiwanda chetu cha sabuni kiko Vingunguti. Boila yetu ni ya tani 4 za mvuke kwa saa. Zamani ilichoma mafuta mazito, siku hizi tuna gesi asilia, na bili inacheza kwenye milioni 60 kwa mwezi. Kaja muuzaji na kabati la kupima gesi za dohani (bomba la moshi) saa 24, bei milioni 190. Anasema benki italidai, na bila hilo Ulaya hawatanunua sabuni yetu kwa sababu ya tozo ya kaboni. Bosi anauliza: bomba halitoi hata moshi, tunapima nini?
Msimamizi wa uzalishaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Tummalize kwanza huyo muuzaji. Tozo ya kaboni ya Umoja wa Ulaya, inayotozwa bidhaa zinazoingia huko kwa hewa ukaa iliyotoka wakati wa kuzitengeneza na iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2026, inagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, hidrojeni na umeme. Sabuni haimo. Kuhusu benki, wakopeshaji wengi wa viwanda hutazama miongozo ya mazingira ya IFC (tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi) ya mwaka 2007. Humo, boila isiyozidi megawati 20 za joto hupimwa mara moja kwa mwaka, na kama inachoma gesi, kinachopimwa ni oksidi za naitrojeni peke yake. Yenu haifiki hata megawati 4. Masharti ya NEMC, baraza la taifa la mazingira, yameandikwa kwenye cheti chenu cha mazingira. Yasomeni wenyewe, msisomewe na mwenye kuuza.

Sasa la bosi, ambalo ni zuri kuliko anavyodhani. Enzi za mafuta mazito dohani ilijisemea. Moshi ukiwa mweusi, hewa haitoshi, na hata mama muuza mihogo getini aliliona hilo. Gesi imewanyang'anya ushahidi huo. Hewa isipotosha siku hizi inatoka monoksidi ya kaboni, nayo haina rangi wala harufu. Kilo moja ya kaboni ikiungua sawasawa hutoa megajuli 33 hivi za joto. Ikiishia kuwa monoksidi haifikishi hata 10, na zilizobaki mmeshazilipia.

Hata hivyo mimi ningeanza kuitafuta hasara yenu kwenye hewa ya ziada. Opereta anaogopa moto uliokosa hewa, na ana haki ya kuogopa, maana gesi isiyoungua inaweza kulipuka. Kwa kuwa hana anachokiona, anafungua dampa, kile kilango cha hewa, kidogo zaidi. Zamu ya usiku nayo inaongeza yake. Hewa hiyo inaingia na nyuzi 30 za Dar es Salaam na kutoka na nyuzi kama 220, kazi yake ikiwa ni kubeba joto tu kulipeleka angani. Kwa gesi za dohani zenye nyuzi hizo, oksijeni ikiwa asilimia 3 boila ya gesi hupoteza dohanini karibu asilimia 8.7 ya joto lake. Oksijeni ikipanda hadi 8, upotevu unafika 11.4 hivi. Tofauti ni ndogo mpaka uiweke juu ya bili yenu: milioni 1.6 kwa mwezi, karibu 20 kwa mwaka. Azimeni kipimo cha mkononi kwa wiki moja, usiku na mchana, mjue mko wapi kati ya namba hizo.

Kwa hesabu hiyo kabati la milioni 190 halijilipi. Ndani yake mnalipia pia kupima salfa na vumbi, wakati gesi asilia ya Songo Songo ni karibu methani tupu, salfa na vumbi karibu hamna. Mtakuwa mnanunua sifuri kwa bei ya lori. Tafuteni kipima oksijeni cha zirkonia (aina ya kauri inayostahimili joto) kinachochomekwa dohanini, na cha monoksidi ya kaboni kando yake, na skrini ikae mbele ya opereta. Ikifungwa kwenye ofisi ya meneja, okoeni pesa zenu msinunue kabisa.

Bosi akisema kipimo cha mwaka kinatosha, mwambie kinatosha kwa mkaguzi. Siku ya ukaguzi fundi wa kichomeo alishaitwa juzi yake na boila imesafishwa, kwa hiyo namba lazima zipendeze. Baada ya hapo viungo vya dampa vinalegea, feni inashika vumbi, mahitaji ya mvuke yanashuka na moto unapopunguzwa hewa haipungui nao. Mambo hayo huja polepole, na anayeangalia mstari wa oksijeni wiki hadi wiki huyaona kabla boila haijamsimamisha katikati ya oda.

SWALI: Mimi ni opereta wa tanuri la saruji. Skrini ya gesi za dohani iko ofisi ya mazingira. Sisi wa chumba cha udhibiti tunaletewa ripoti mwisho wa mwezi. Nikiomba tuunganishwe naambiwa "hiyo ni ya serikali". Nitumie hoja gani?
Ameomba tusitaje mahali

JIBU: Nimekaa mbele ya tanuri miaka mingi, na hili linanikera. Klinka, yale mawe yanayosagwa kuwa saruji, huiva kwenye nyuzi 1,450 hivi, na oksidi za naitrojeni hupanda na kushuka na ukali wa moto. Zikianza kushuka, eneo la kuchomea linapoa, na wewe unajua kabla maabara haijakuletea majibu ya chokaa huru (chokaa iliyobaki bila kuungana, dalili ya klinka kutoiva), wakati klinka mbichi imeshajaa ghalani. Kipimo cha mdomoni mwa tanuri kingekuambia mapema zaidi, lakini kile huziba kila mara. Cha dohani ndicho kitakachokutolea ushahidi.

Kama chujio lenu la vumbi ni la umeme, hoja yako kubwa ni hii. Monoksidi ikipanda sana, chujio hujizima lisilipuke, na vumbi ambalo lingerudi kuwa malighafi linaishia kwenye mapaa ya jirani. Mwombe meneja orodha ya mara lilipojizima mwezi uliopita, uipange kwa saa na zamu, kisha uombe waya tu, mashine ameshainunua. Waya ukifika, angalia kwanza tarehe kwenye mitungi ya gesi ya kusawazishia vipimo. Ikiwa imeisha muda, utabishana na maabara bure.